Maana ya tuhuma ya “kumuua Mungu” na kwa nini huzuka kwenye filamu za kusulubiwa

Tuhuma ya kumuua Mungu ni dai kwamba Wayahudi wote, wa enzi za Yesu na wa vizazi vyote vilivyofuata, wana hatia ya kifo chake. Tayari katika karne ya 2 Melito, askofu wa Sardi, aliihubiri, na kwa karne nyingi barani Ulaya ikawa kisingizio cha kuwapiga, kuwafukuza na kuwaua Wayahudi. Juma Takatifu, ambalo kwa Wakristo ni la toba, kwao lilikuwa la hofu.

Tusiichanganye na kufuru. Mwaka 1988 filamu ya Martin Scorsese, The Last Temptation of Christ, ilipingwa na Wakristo kwa kumwonyesha Yesu msalabani akiwaza kuoa na kuishi kama watu wengine. Huko waliona heshima ya Kristo imevunjwa. Katika tuhuma hii anayeumizwa ni jirani aliye hai.

Mzizi wake mkubwa ni Mathayo 27:25, pale watu wanapomjibu Pilato: “Damu yake na iwe juu yetu, na juu ya watoto wetu.” Msomaji wa Biblia anaweza kutua hapo na kujiuliza, hao ni akina nani? Ni kundi lililokusanyika mbele ya liwali asubuhi ile, si taifa zima. Tena kusulubu kulikuwa adhabu ya Warumi. Aliyehukumu ni Pilato, na waliotundika ni askari wake. Lakini kwenye filamu mtazamaji hapewi muda wa kutua. Kundi lile lazima lipewe sura, mavazi na sauti, na Pilato lazima aonekane ama katili, ama mtu mwema aliyezidiwa nguvu. Akionekana mwema, lawama yote inawaangukia waliopiga kelele.

Mwongozaji Cecil B. DeMille alilikwepa hilo mwaka 1927, katika filamu yake The King of Kings, kwa kumfanya Kayafa, kuhani mkuu, akiri kwamba hatia ni yake peke yake. Mel Gibson, katika The Passion of the Christ ya mwaka 2004, aliacha maneno ya Mathayo yasikike kwa Kiaramu ila akaondoa tafsiri yake chini ya picha. Viongozi wengi wa Kiyahudi, na wasomi kadhaa wa Kikatoliki, walilalamika kwamba makuhani na umati wamechorwa kwa chuki, huku Pilato akionewa huruma.

Hawakuwa wanatafuta ugomvi. Tarehe 28 Oktoba 1965, katika tamko la Nostra Aetate, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya Wayahudi wa leo.

Gibson alijitetea kwamba wenye hatia ni wanadamu wote, na mkono unaoshika msumari katika filamu ile ni wake mwenyewe. Hayo ni mafundisho sahihi ya Kikristo, nami nayaamini. Ila mkono ule hauna jina, unapita kwa sekunde chache, na asiyesimuliwa hawezi kujua ni wa nani. Nyuso za umati ule zinarudi tena na tena, na hizo ndizo mtazamaji anazotoka nazo.