Toboa sakafu, achana na paa

Jumamosi iliyopita, mida ya saa kumi jioni, chalii mmoja, dereva wa watalii, aliingiza Land Cruiser na tela la jikoni hapa gereji kwangu Unga Limited, Arusha. Alikuja kubadilisha taa ya nyuma. Nilipochuchumaa kuangalia waya nikakutana na harufu ya gesi, imekaa kwenye usawa wa magoti kama mtu anayenisubiri. Nikamwambia, dogo, tela lako linavuja. Akacheka.

"Fundi, usiwe na presha. Nimeacha kipaa cha tela wazi tangu Makuyuni. Imeshapaa yote."

Huyo alikuwa wa tatu tangu msimu uanze. Wa kwanza alikuwa mpishi, mtu mzima, nikamwelewesha kwa upole na shikamoo juu. Wa pili nilimwelewesha. Huyu wa tatu nimeamua nimuandikie, na wengine wote msome humo humo.

Gesi ya kupikia haipai. Inashuka. Mitungi yetu hii ya kilo 6, 15 na 38 imejaa mchanganyiko wa propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu hivi, na butani ni kama mara mbili. Ikitoka inamwagika kama maji, ila huioni: inateremka kwenye mguu wa kabati, inajaza sakafu, inaingia chini ya magunia, inatulia. Kipaa kikiwa wazi na gari linakimbia, upepo utachanganyachanganya kidogo, sikatai. Lakini ile iliyolala kwenye kona, nyuma ya ndoo ya vitunguu, inafika Arusha na wewe.

Najua imani hiyo inatoka wapi. Kwanza ni moshi (si ule mji). Watu wanaona moshi unapanda, wanadhani kila kisichoshikika kinapanda. Moshi unapanda kwa sababu ni wa moto. Gesi inayovuja mtungini haina moto, na tuombe ibaki hivyo. Pili, kuna gesi asilia, ile ya Songo Songo na Mtwara inayowekwa kwenye magari Dar es Salaam. Ile ni methani, nyepesi kuliko hewa, na kweli inapaa. Kwa hiyo aliyekwambia "gesi inapaa" huenda hakukudanganya. Alikuwa anaongelea gesi ya wenzako.

Sasa hesabu, maana nikisema "ni hatari" mnaniona mzee wa kanisa. Gesi hii inashika moto ikiwa karibu asilimia 2 mpaka 10 ya hewa. Tela la jikoni la kawaida ninalotengeneza lina mita za ujazo 4 hivi. Asilimia 2 yake ni lita 80 za gesi, ambazo ukizipima ni kama gramu 160. Kiazi kimoja. Na hapo nimehesabu kana kwamba imesambaa tela zima mpaka juu. Kwa kuwa inalala chini, kiasi kidogo kuliko hicho kinatosha kuifanya sakafu peke yake iwe tayari kuwaka.

Na tela lina ubaya wake ambao gari halina: likiwa linavutwa hakuna mtu ndani. Mtungi ukianza kuvuja pale Naabi, lango la Serengeti, wewe uko mbele na wageni wako mnahesabu pundamilia. Hakuna pua nyuma. Wa kwanza kujua ni mpishi, akifungua mlango jioni kambini, kiberiti mkononi, anatafuta taa. Pua yenyewe iko juu na gesi iko chini. Halafu ukikaa nayo muda mrefu pua inazoea, unaona harufu imeisha. Haijaisha.

Hapo ndipo ninapotoboa, na hapo ndipo ugomvi wangu na wateja unapoanzia.

Boksi la mtungi linatakiwa lizibwe kabisa upande wa jikoni, na liwe na matundu chini kabisa, kwenye sakafu yake, yanayotoa nje. Si ubavuni nusu ya urefu. Si juu. Chini kabisa, na yasielekee kwenye ekzosti wala betri. Natoboa mawili, kila moja upana wa kikombe cha kahawa, nayawekea wavu wa panya. Mteja analipa, anashukuru, anaondoka. Baada ya wiki mbili analeta tela: tundu moja limejazwa silikoni, la pili limesokotwa soksi. Soksi! Sababu? Vumbi. Vumbi la Serengeti, nalijua, limenilisha ugali wa kahawia miaka yangu yote ya utingo. Lakini angalia ulichofanya: umeziba kila mahali kwa raba ili vumbi lisiingie, na boksi lisiloingiza vumbi halitoi gesi. Umejenga chungu. Kama vumbi linafika kwenye unga, basi ukuta kati ya boksi na jikoni haujazibwa vizuri. Lete niuzibe huo, matundu yaache.

Je, mawili yanatosha? Kwa mtungi wa kilo 15 naamini yanatosha. Wa kilo 38 nikiona mtu anaupakia kwenye tela, naongeza la tatu na bado silali vizuri.

Mengine niyapitie haraka. Mtungi usimame, na mkanda uukaze juu na chini. Vali ya usalama imewekwa juu ili ikutane na gesi. Ukiulaza inakutana na maji ya gesi, yaani gesi ikiwa kimiminika, na lita moja ya maji hayo ya propani ikitoka nje inakuwa kama lita 270 za gesi. Ndiyo, umelaza miaka kumi na hujafa. Na mimi nililaza. Hilo ndilo linalonipa shida kubishana na nyinyi. Funga koki kwenye mtungi kabla ya kuondoka, usifunge kwenye jiko tu. Friji ya gesi zima kabla ya safari, na hasa kabla ya kituo cha mafuta, maana ina moto unaowaka mgongoni ambao umeusahau. Juu Ngorongoro usiku gesi ikitoka dhaifu ni baridi, butani inagoma ikikaribia sifuri. Usisogeze mtungi kwenye moto wa kambi, jamani.

Kuhusu povu la sabuni: pima kila kiungo, mapovu yakikua kaza au badilisha raba. Ila niseme ukweli. Povu linapima mtungi uliosimama gereji. Barabara ya mawimbi inatikisa kiungo mpaka kinafunguka, na gari likisimama kinaweza kukaa vizuri tena. Nimewahi kupima tela la mtu mara tatu, hakuna povu hata moja, na bado kila akirudi linanuka. Mwishowe nilibadilisha mpira na regyuleta vyote bila kujua mkosaji ni nani. Harufu iliisha.

Na msidhani moto wote unatokana na gesi. Ule nilioushuhudia mwenyewe, karibu na Rhotia, ulianzia kwenye gurudumu. Beringi ilikauka grisi, ikapata moto, tairi likashika. Kilichotuokoa ni kwamba mtungi ulikuwa umesimama mbele nje, juu ya mkono wa tela, tukawahi kuufungua mkanda na kuutoa. Tangu hapo mitungi naiweka mbele, na ngao ya bati kuzuia mawe. Aliyegonga gari la mbele atanilaumu; najua, sina mahali pengine pazuri zaidi. Kwa hiyo mkisimama Karatu, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila gurudumu la tela kabla ya kununua soda.

Na ukikuta mtungi wenyewe unawaka kwenye koki na huwezi kuifikia uifunge, usiuzime moto. Ukiuzima, gesi inaendelea kutoka bila kuwaka, inateremka kutafuta moto mwingine. Toa watu, mwende mbali, upande wa juu wa mwinuko.

Yule dogo nilimfungia koki, tukafungua mlango wa chini, tukalisukuma tela kwa mikono mpaka uwanjani. Raba ya regyuleta ilikuwa imepasuka. Nikabadilisha, nikatoboa matundu yangu mawili. Jumatano akapiga simu kutoka Seronera.

"Fundi, vumbi limeingia kwenye mchele."

Nikamwambia auoshe.