Kuhariri Picha Nyumbani: Kabla Hujalipia Photoshop

Anayetaka kurekebisha picha kwenye kompyuta yake kwa kawaida huanza na bei. Tunashauri aanze na swali jingine: picha inakwenda wapi? Picha ya mtandaoni, ya pasipoti, na kipeperushi kitakachochapwa nakala 5,000 zina mahitaji tofauti, na hapo ndipo programu ya bure kama GIMP na ya kulipia kama Photoshop ya kampuni ya Adobe zinapoachana.

GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley: Spencer Kimball na Peter Mattis. Ni programu huria, haina ada, na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Hukata, hunyoosha, huongeza mwanga, hufuta madoa na kuandika maneno juu ya picha. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limeondoa lalamiko la miaka mingi: sasa vichujio (athari kama ukungu au ukali) vingi unaweza kuvirekebisha au kuviondoa baadaye, na pikseli za awali, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zikabaki salama.

Chukua picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45. Ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi, inahitaji pikseli 413 kwa 531. Bonyeza Shift+C kupata zana ya kukata, funga uwiano wa 35:45, kata, kisha weka ukubwa huo. Sehemu uliyokata ikiwa na pikseli pungufu, programu italazimika kukisia zilizokosekana na uso utakuwa na ukungu. Kulipia Photoshop hakutarudisha undani ambao kamera haikuunasa. Piga picha upya.

Wengi hukwama kwenye kuhifadhi. Ctrl+S hutoa faili la XCF, linalotunza tabaka zote (sehemu za picha zilizopangwa moja juu ya nyingine) lakini halifunguki kwenye simu nyingi. Ili kupata JPEG, faili la picha la kawaida, bonyeza Ctrl+Shift+E na uweke ubora karibu 90. Usitupe XCF: JPEG hupoteza undani kila unapoihariri na kuihifadhi upya, kwa hiyo marekebisho yafanyike kwenye XCF.

Kompyuta ikisuasua, hesabu kumbukumbu kwanza. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000, yenye biti 8 kwa kila rangi pamoja na chaneli ya uwazi, hula takriban megabaiti 96 kwa tabaka moja. Tabaka kumi zinakaribia gigabaiti moja, na biti 16 kwa kila rangi huzidisha mara mbili. RAM ikijaa, data humiminwa kwenye diski, na diski ya kuzunguka ndiyo inayokukwamisha. Photoshop haikupi nafuu hapa: yenyewe hudai RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache.

Photoshop ina nguvu kweli katika kutenga nywele zilizotawanyika, na katika kupokezana faili za PSD, aina ya faili ya Photoshop yenyewe, na wabunifu wengine. GIMP hufungua PSD, ila maandishi mara nyingi hugeuka picha tupu usiyoweza kuhariri. Tangu 2013 Adobe ilielekeza matoleo mapya kwenye malipo ya kila kipindi, hivyo ukiacha kulipa, programu inafungwa. Nakala zilizokrakiwa, yaani zilizovunjwa kinga ya malipo, si njia ya kukwepa gharama hiyo. Ukiambiwa uzime kinga ya virusi ili usakinishe, unamfungulia mlango mwizi wa nywila zako.

Kazi ya kiwanda cha uchapaji ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Mashine ya ofseti huchapa kwa wino wa sayani, majenta, njano na nyeusi. Bluu kali ya skrini haipatikani kwa wino huo, huelekea zambarau. GIMP hufanya kazi kwa rangi za skrini, yaani nyekundu, kijani na bluu, ingawa toleo la 3.0 linaweza kutoa faili la TIFF la CMYK, yaani la wino hizo nne, ukiipa wasifu wa rangi wa kiwanda (faili linaloeleza jinsi mashine yao inavyotoa rangi). Tatizo ni maandishi madogo meusi: yakigeuzwa kuwa mchanganyiko wa wino zote nne, bamba la kuchapia la wino mmoja likisogea kidogo tu herufi huota kivuli cha rangi. Basi andaa picha kwenye GIMP, lakini maneno yaandike kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa ambayo nayo ni ya bure, kwa wino mweusi asilimia 100 na nyingine sifuri. Kisha omba kiwanda kikuchapie ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuruhusu zile 5,000.