Taa za Tela Zinazowaka na Kuzimika: Tafuta Ethi Kabla ya Kununua Balbu

Mzee mmoja wa Old Moshi alituletea pikapu yake pamoja na tela la magurudumu mawili analobebea majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi. “Mwalimu,” akasema, “nyumbani taa zinawaka zote. Nikifika Kiboriloni, za nyuma zimekufa. Nikirudi nyumbani, zimefufuka.” Alikuwa amebadilisha balbu mara nne na soketi mara moja. Tulimwamkia, tukampa kiti, tukawasha taa. Zikawaka zote, kama mgonjwa anayepona akiona mlango wa zahanati.

Mimi ni mkufunzi wa umeme wa magari katika chuo cha ufundi hapa Moshi, na nakiri kwamba hitilafu za namna hii ndizo zinazowalia watu fedha kuliko zote. Taa iliyokufa kabisa ni kazi ya dakika kumi. Taa inayokuja na kuondoka humfanya mwenye gari anunue kifaa kimoja baada ya kingine, na kila mara anaporudi barabarani anadhani safari hii imepona, kwa sababu kweli iliwaka pale uani kwa fundi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuifanya hitilafu ijitokeze mbele yako. Gari lililosimama kwenye sakafu ya saruji si gari linaloteremka Kikavu na mzigo. Vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu ya tela, washa taa zote, kisha watu wawili wapande nyuma ya tela walitikise juu na chini. Mwingine ashike waya unaotoka kwenye plagi na kuukunja taratibu, shubiri kwa shubiri. Kwa tela la mzee hatukufikisha hata dakika moja. Wanafunzi waliporukaruka, taa za nyuma zilififia, zikazimika, zikarudi. Tulipowasha indiketa, taa za nyuma zikawa zinapumua pamoja nayo.

Kule kupumua ndiko kulikotuambia mengi. Umeme hauishii kwenye balbu; unatoka betri, unapita kwenye waya, unawasha balbu, na lazima urudi betri. Kwenye pikapu unarudi kwa bodi na chesisi, ile fremu ya chuma. Kwenye tela unatakiwa urudi kwa waya mmoja tu, unaoitwa ethi, ulio ndani ya plagi. Waya huo ukilegea, umeme hutafuta njia za panya. Njia ya kwanza ni lile goroli la chuma ambalo tela limeshikia. Goroli lina grisi na kutu: gari likisimama linagusana vizuri, likiruka shimo linaachana. Njia ya pili ni kupitia balbu nyingine. Umeme wa indiketa unaingia kinyumenyume kwenye uzi wa taa ya nyuma, ndipo unaona taa moja ikipepesa kwa amri ya nyingine. Ukiona tela lina maajabu ya namna hiyo, taa mbili zikigombana au breki ikizima taa za nyuma, usiguse balbu kwanza. Nenda kwenye ethi.

Tulichukua mita ya umeme, tukaiweka kwenye volti za DC (umeme wa betri), ncha moja kwenye negativu ya betri ya gari na nyingine kwenye ganda la chuma la kitako cha balbu ya tela. (Nyaya za mita ni fupi, unga kipande kirefu cha waya.) Kipimo hiki kinaonyesha ni volti ngapi zinapotea njiani wakati wa kurudi, na kinafanywa taa zikiwa zinawaka. Taa za nyuma peke yake zilitupa 0.6. Mzee alipokanyaga breki, ikapanda hadi 2.6. Ethi nzuri haitakiwi kupita 0.2 hivi, hata breki ikiwa imekanyagwa. Tukahamisha ncha kutoka kwenye kitako cha balbu hadi kwenye chesisi ya tela: 2.5. Tukaihamishia kwenye pini ya ethi ndani ya plagi: 0.1. Yaani upande wa gari na soketi yake hauna kosa, na karibu upotevu wote uko kati ya pini ile na chuma cha tela; tukaanza na pale waya wa ethi unapofungwa kwa bolti kwenye chuma hicho.

Tulipofungua bolti ile tulikuta rangi ya bluu, nzuri na nene. Mzee alikuwa amepeleka tela kupigwa rangi miezi michache nyuma, na fundi rangi hakubakiza kitu. Kikombe cha waya, yaani pete ya chuma iliyo kwenye ncha yake, kilikuwa kimekaa juu ya rangi, kikipata umeme kwa bahati kupitia meno ya bolti. Tulikwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukafunga kwa bolti mpya yenye washa ya meno, kisha tukapaka grisi juu ya kiungo, si ndani yake. Kipimo kikashuka hadi 0.15. Zile balbu nne alizotupa nadhani zilikuwa nzima.

Si kila tela lina rangi mpya, lakini kisa hiki kinafundisha mpangilio. Kabla ya yote jua kama kosa liko kwenye gari au kwenye tela. Sisi tuna ubao mdogo wenye plagi na balbu za wati 21, mojamoja kwa kila pini. Tunauchomeka kwenye soketi ya pikapu na kukanyaga breki, kuwasha indiketa, kuwasha taa. Zikiwaka zote kwa nguvu hata soketi ikitikiswa, gari halina kosa. Fundi yeyote anaweza kuutengeneza kwa vifaa vya mtumba. Kwa upande wa tela, betri ya akiba ya volti 12 na nyaya mbili zinatosha: negativu kwenye pini ya ethi, chanya uiguse pini moja baada ya nyingine.

Nimetaja balbu kwa makusudi, si mita peke yake. Waya wa shaba ukiliwa na kutu hadi nyuzi zake zikabaki zinagusana kwa shida, mita itakuonyesha volti 12 kamili, nawe utasema waya ni mzima. Ni sawa na bomba la shambani lililobanwa na jiwe: koki ikiwa imefungwa, presha ipo, fungua koki uone maji yanavyodondoka. Balbu ya breki ya wati 21 inahitaji karibu ampea 1.75, na hapo ndipo waya mbovu hujulikana.

Kwa hapa kwetu sehemu zinazokufa zaidi ni chache. Plagi inaachwa inaning'inia tela likiwa limefunguliwa, inakula vumbi kiangazi na tope wakati wa masika. Ifungue; ukiona unga wa kijani kwenye shaba, ujue maji yameshaingia, na mara nyingi yamepanda ndani ya ganda la waya sentimita kadhaa. Kata hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Halafu kuna viungo vya kukunja kwa mkono na kuzungushia tepu. Tepu hulegea kwa joto, maji huingia, na kiungo huanza kuchagua siku za kufanya kazi. Lehemu pamoja na mpira wa kubana kwa joto ni kazi ya kudumu. Na naomba tuache kutumia waya wa nyumba kwenye matela. Ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba umetengenezwa kukaa ukutani bila kutikisika. Barabarani unavunjika kwa ndani huku ganda likionekana zima. Tumia waya wa gari wenye nyuzi nyingi, milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa ethi, kwa sababu ethi inabeba mzigo wa taa zote. Urefu uache tela likate kona bila waya kuvutika, lakini usiburute lami.

Fyuzi inayoungua mara mojamoja ni habari nyingine. Hapo kuna waya uliochubuka na unagusa chesisi gari likitikisika. Tafadhali usiweke karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Kitakachoungua safari hiyo ni mkanda mzima wa nyaya, au gari. Toa fyuzi, na mahali pake unganisha balbu ya wati 21. Kama kuna taa nyingine kwenye fyuzi hiyo, balbu itawaka hafifu. Sasa tembeza mkono kwenye nyaya za tela. Pale balbu yako inapowaka kwa nguvu zote, umegusa shoti. Angalia hasa waya unapopita kwenye tundu la chuma lisilo na mpira.

Kuhusu rangi za nyaya, zisome kwa tahadhari. Kwenye plagi ya duara yenye pini saba inayofuata utaratibu wa Ulaya, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ni ya kulia, nyeupe ni ethi, nyekundu ni breki, kahawia ni taa ya nyuma ya kulia na nyeusi ni ya kushoto. Matela mengi yaliyotengenezwa Marekani yana plagi bapa ya nyaya nne ambapo breki na indiketa zinatumia waya mmoja, ilhali pikapu za Kijapani tulizonazo zimezitenganisha. Ukiziunga moja kwa moja, hazitaelewana mpaka uweke kifaa cha kuzichanganya. Na tela lililochomelewa mtaani linaweza kuwa na rangi yoyote iliyokuwepo dukani siku hiyo, basi pima. Angalia pia volti: malori makubwa mengi ni ya 24, na balbu ya volti 24 kwenye pikapu ya 12 itawaka kama mshumaa, nawe utailaumu ethi bure.

Taa zikikufia usiku kati ya Himo na Moshi, usiendelee kwa matumaini. Toka barabarani, washa taa za dharura, weka pembetatu nyuma ya tela na si nyuma ya pikapu, kisha ujaribu jambo moja: waya mrefu wenye klipu kila upande, klipu moja kwenye chuma kitupu cha tela, nyingine kwenye chuma kitupu cha pikapu. Taa zikirudi, umeshajua kosa ni ethi. Mzee wa Old Moshi sasa ana waya wa namna hiyo chini ya kiti, amesema ni wa kuwasaidia wenzake.