Mashindano ya utunzi wa sataranji: Ujerumani ya karne ya 19

Sataranji, au chesi, wengi tunaijua kama mchezo wa watu wawili. Katika mashindano ya utunzi hakuna mpinzani mezani. Mtunzi anapanga kete ubaoni na kutoa sharti, mara nyingi hili: nyeupe inaanza na kumfunga mfalme mweusi (kumshambulia asiwe na pa kukimbilia) kwa hatua tatu au nne, nyeusi ijitetee vyovyote iwezavyo. Fumbo linapelekwa kwa waamuzi, nao wanapima uzuri wa wazo na usahihi wake.

Uingereza iliendesha mashindano ya namna hii tangu miaka ya 1850, lakini Ujerumani nako ardhi ilikuwa imeshalimwa. Adolf Anderssen, mwalimu wa Breslau, alichapisha kitabu cha mafumbo mwaka 1842, miaka 9 kabla ya kushinda mashindano makubwa ya uchezaji ya London. Mwaka 1846 Ludwig Bledow alianzisha gazeti la sataranji huko Berlin. Shirikisho la sataranji la Wajerumani likaundwa Leipzig mwaka 1877, katika mkutano ulioandaliwa kuadhimisha miaka 50 tangu Anderssen ajifunze mchezo huu, na baadaye mikutano yake ikawa na nafasi ya watunzi pia.

Utaratibu ulilenga haki, na kwangu hapo ndipo penye uzuri wake. Mtunzi hakuandika jina lake kwenye fumbo, bali kaulimbiu, labda methali au mstari mfupi. Jina lilikaa ndani ya bahasha iliyofungwa, yenye kaulimbiu ileile kwa nje, na haikufunguliwa mpaka hukumu itolewe. Mwenye sifa na asiyejulikana walisimama sawa mbele ya mwamuzi. Kisha kazi ilikaguliwa bila huruma: ikipatikana njia ya pili ya kumfunga mfalme, ambayo mtunzi hakuikusudia, fumbo limeharibika, hata liwe zuri namna gani. Kompyuta hazikuwepo. Kila jibu la nyeusi lilifuatwa kwa macho na kalamu.

Ladha ya enzi ile inaonekana katika fumbo la Konrad Bayer, Mwaustria, lililochapishwa katika gazeti la picha la Leipzig mwaka 1851. Nyeupe inafunga kwa hatua 9. Hatua ya kwanza inatoa ngome iliwe na malkia mweusi. Kete nyingine zinafuata mojamoja huku mfalme mweusi akivutwa katikati ya ubao. Hatua ya saba malkia mweupe naye anatolewa, ya nane ngome iliyobaki. Nyeupe imebakiwa na mfalme na askari mmoja, na huyo askari, kwa kusogea nyumba (miraba ya ubao) mbili, ndiye anayemaliza kazi. Fumbo hilo limeitwa "lisilokufa", na kwa maoni yangu linastahili.

Kadiri mashindano yalivyozidi, ndivyo kanuni zilivyobana. Johann Berger wa Graz alizikusanya katika kitabu kilichotoka Leipzig mwaka 1884: kusiwe na kete isiyo na kazi, na kila nyumba inayomzunguka mfalme aliyefungwa izibwe mara moja tu. Kanuni hizi ziliwapa waamuzi kipimo kinachoeleweka, lakini ziliwafanya wengi watazame picha ya mwisho kuliko safari ya kuifikia.

Waliolipinga hilo kwa nguvu ni marafiki wawili waliotunga pamoja miaka mingi, Johannes Kohtz na Carl Kockelkorn. Mwaka 1903 walitoa kitabu kizima kuhusu fumbo moja, lililotumwa kutoka India na kuchapishwa London mwaka 1845. Fumbo lenyewe lina kasoro: lina njia zaidi ya moja. Wao walishika wazo lililo ndani yake: nyeupe inarudisha kete moja nyuma, nyingine inaingia mbele yake na kuizuia kwa makusudi, ili mfalme mweusi apate pa kusogea, maana nyeusi ikikosa hatua mchezo unaishia sare; kisha hiyo iliyozuia inaondoka, na ile ya nyuma inamfunga. Kutoka hapo likazaliwa kundi jipya la watunzi wa Kijerumani, waliotaka kila hatua iwe na sababu moja iliyo wazi.