Eti hujapata hasara mpaka uuze?

“Sijauza, kwa hiyo sijapata hasara.” Kauli hii huwafariji wengi walioshikilia hisa zilizoporomoka, wakisubiri bei irudi pale waliponunulia. Lakini soko halijui ulinunua kwa bei gani, wala halina deni nawe. Hisa uliyonunua kwa 100 ikashuka hadi 50 ina thamani ya 50 leo, uuze usiuze. Tena imeshuka asilimia 50, ila ili irudi 100 lazima ipande asilimia 100. Hapo ndipo hesabu inapouma.

Mwaka 1985, wasomi wa masuala ya fedha Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza tabia hii: watu huharakisha kuuza hisa zinazopanda na kung’ang’ania zinazoshuka.

Jiulize hivi: kama ungekuwa na hiyo 50 taslimu mkononi, ungeinunua hisa hiyo leo? Itazame kampuni yenyewe, faida yake, madeni yake, na sababu iliyokufanya ununue. Sababu ikiwa imekufa, uza. Ikiwa ingali hai na bei imeshuka kwa hofu ya soko tu, kushikilia si ukaidi. (Kwa mtoza kodi, kwa kawaida hasara huhesabiwa ukishauza, pengine ndiko msemo huu ulikopata nguvu.)