Kiatu Kinachostahimili Maji na Kiatu Kisichopitisha Maji

Juzi nilikuwa sokoni hapa Moshi, kwenye meza za viatu vya mtumba, nikamsikia muuzaji akimwambia kijana mmoja: "Hii wotaprufu, ndugu yangu. Ukiipiga kiwi ndiyo kabisa, unavuka nayo mto." Kijana akalipa. Zilikuwa buti nyepesi za ngozi, zile za soli nyembamba, kisigino hakijainuliwa, ndani hazina bitana, ulimi umeshonwa kwa chini tu. Kwa mazungumzo yao nilielewa kwamba anaanza kazi ya upagazi mlimani masika haya. Nilitamani kumshika mkono nimweleze, lakini huwezi kuingilia biashara ya mtu mbele ya mteja wake. Nikaondoka na neno lile limenikaa kooni, kwa sababu sikulisikia siku hiyo tu. Nalisikia kila wiki, na wanaoletewa kero yake ni mafundi kama mimi, pale kiatu kinaporudi kimepasuka.

Maana yenyewe ni fupi. Kiatu kinachostahimili maji huyachelewesha maji yasifike mguuni. Kwenye kiatu kisichopitisha maji, ndiyo hiyo wotaprufu, hayafiki kabisa, kwa kipimo fulani kilichowekwa. Buti nyepesi ya ngozi inaweza kuwa ya aina ya kwanza, na ikitunzwa itabaki hivyo miaka mingi. Ya aina ya pili haiwi, hata uipake nini.

Linaloniuma ni hilo neno wotaprufu. Tumelichukua kwa Waingereza, na uzito wake umo katika nusu ya pili, prufu. Chimbuko lake ni Kilatini, probare, kukijaribu kitu ili ujue thamani yake. Mafundi wa Ulaya waliofua dirii, yale mavazi ya chuma ya vitani, walikuwa wakiipiga dirii risasi kabla ya kuiuza, na lile bonde dogo lililobaki kwenye chuma ndilo mnunuzi alilolitafuta kwa kidole. Kwa hiyo prufu ni dai la mtihani: kitu kimejaribiwa, kimeshinda, na anayekiuza anayo alama ya kuonyesha. Charles Macintosh wa Glasgow alipopata hataza mwaka 1823 kwa kitambaa chenye mpira katikati ya nguo mbili, alikuwa na haki ya dai hilo, maana mpira hauna pa kupita maji. Bob Gore wa Marekani naye, mwaka 1969, aliivuta kwa nguvu plastiki ya jamii ile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, ikageuka utando wenye vitundu vidogo mno: mvuke wa jasho unapita, tone la maji halipiti. Buti yenye utando kama huo ndani ya bitana iite wotaprufu, mpaka siku utando utakapotoboka.

Buti ya yule kijana haina mpira wala utando. Ina ngozi.

Na kwa ngozi tunalo neno letu zuri kuliko hilo la kuazima juzi. Stahimili nalo lina asili ya ng'ambo, lakini limekaa kwetu hadi limekuwa la nyumbani. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kubeba, mzizi ule ule uliotupa himili na uliotupa hamali, mbeba mizigo wa bandarini. Kustahimili, ukilirudisha neno kwenye asili yake, ni kuubeba mzigo bila kuubwaga. Sasa fikiri: hamali hatumuulizi kama anabeba au habebi. Tunamuuliza kilo ngapi, na mpaka wapi. Hapa Kilimanjaro wapagazi wetu, wagumu kama wenyewe wanavyojiita, wamewekewa kikomo cha kilo 20, na hakuna anayewaita dhaifu kwa kuwa hawapandi na 40. Kikomo ni sehemu ya sifa ya mbebaji. Ngozi inabeba maji hivyo hivyo: mvua ya aina gani, kwa saa ngapi, na ilitunzwaje kabla. Anayesema "inastahimili" amekubali kuulizwa maswali hayo. Anayesema "wotaprufu" ameyafunga.

Tuitazame ngozi yenyewe, maana jibu limo humo. Kata kipande cha ngozi ya ng'ombe ukiangalie kwa ubavu. Juu kuna uso uliobana, wenye vitundu vya vinyweleo. Chini yake nyuzi nene zilizosukana kila upande kama mkeka uliosukwa na mtu mwenye haraka. Kati ya nyuzi kuna hewa, na kuna mafuta aliyoyatia aliyeisindika. Maji yakiingia na kutoka mara nyingi, mafuta yanapungua. Nyuzi zikibaki kavu zinasagana kila hatua, na ngozi inapasuka pale inapokunjwa, nyuma kidogo ya vidole. Ndiyo maana kudumu kwa kiatu na kustahimili kwake maji ni jambo moja. Buti nzito za mlima mara nyingi zina ngozi ya milimita 2.5 hadi 3. Hizi nyepesi hukaribia 2 au chini yake, kwa hiyo akiba yao ni ndogo na uzembe unaonekana mapema.

Wazee wa pwani waliounda majahazi hawakuliachia neno moja kazi hii ya kupambana na maji. Walikuwa na matatu, na kila moja lina kazi yake. Kukalafati ni kuziba: pamba iliyotiwa mafuta inapigwa kwa nyundo kwenye nafasi kati ya mbao na mbao. Deheni ni mchanganyiko wa shahamu na chokaa, unapakwa chini ya chombo, sehemu inayokaa majini. Na sifa, mbali na ile sifa ya kumsifu mtu, ni mafuta ya papa yanayopakwa kwenye mbao ili zisikauke. Ungemwambia fundi wa jahazi "nipakie sifa chombo kisivuje", angekusahihisha papo hapo, kwa sababu sifa haizibi nafasi. Na baada ya kalafati, deheni na sifa, jahazi bado lilikuwa na ngama, ile sehemu ya chini yanakokusanyika maji yaliyoingia, na baharia mwenye upo wa kuyafua. Watu waliovuka bahari kwa mbao walijua kwamba maji kidogo yataingia, wakayatengea mahali na mtu wa kuyatoa. Hakuna aliyelidharau jahazi kwa sababu hiyo.

Buti nyepesi ya ngozi ni chombo cha namna ile. Ina mishono inayotaka kalafati. Ina ngozi inayotaka mafuta ndani ya nyuzi zake. Ina uso unaotaka nta. Mtu akija dukani kwangu na kusema "nitie wotaprufu", ameniomba kazi tatu kwa neno moja, na mara nyingi ile anayoihitaji zaidi ndiyo asiyoifikiria: mishono. Kila tundu la sindano ni dirisha. Maji hayahangaiki kupenya ngozi wakati kuna mstari mzima wa matundu ubavuni na nafasi kando ya ulimi.

Na kiwi je? Kiwi haimo kwenye hayo matatu. Ilianza kama jina la biashara: William Ramsay aliitoa Melbourne, Australia, mwaka 1906, akaiita kwa jina la ndege wa New Zealand, nchi alikotoka mkewe. Kwetu jina likawa la kila dawa ya viatu, ya kampuni yoyote. Kiswahili kilikuwa tayari na kiwi yake, kiwi cha macho, yale macho kushindwa kuona kwa mwanga mkali, na naona maneno hayo mawili yamekutana mahali pazuri, kwa kuwa kazi ya kiwi ya kopo ni mng'aro. Ndani yake kuna nta, rangi na kiyeyushi kinachoruka hewani. Nta ipo kweli, na manyunyu ya kutoka nyumbani hadi kituo cha daladala itayamudu. Lakini ni utando mwembamba sana, unavunjika kwenye mkunjo siku ya kwanza ya kutembea, na haulishi nyuzi chochote. Nimepokea buti zilizong'aa kama kioo huku ngozi chini ya kiwi imekauka kama gamba la muhogo.

Basi nieleze ninavyofanya mimi. Kwanza gundi, mafuta na nta baadaye, na utaratibu huu usiubadilishe, kwa sababu gundi haishiki penye mafuta. Puani mwa kiatu, panapogonga mawe, nasugua kwa msasa mpaka ule uso uliobana uondoke, nabandika mkanda mwembamba wa mpira hadi usawa wa vidole. Mshono uliolegea naurudia kwa uzi wa nailoni uliopitishwa kwenye nta. Kisha napitisha gundi laini ya mpira juu ya mistari ya mshono kwa ncha ya kijiti, ikauke usiku mzima. Hiyo ndiyo kalafati. Ulimi ukiwa umeachia pembeni, nashonea vipande vya ngozi nyembamba kushoto na kulia, uungane na kiatu mpaka juu. Kwa kazi hiyo moja, kijana wa masika anapata faida kuliko kwa makopo kumi ya kitu chochote.

Siku ya pili ni mafuta. Natumia mafuta ya kwato za ng'ombe, na yakikosekana, ya mbarika. Ya alizeti naomba uyaache jikoni. Yakikaa hewani yananata na kushika vumbi. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kiatu kimoja, kwa kitambaa, ukizidisha kidogo kwenye mkunjo. Wengi hupaka mpaka ngozi inateleza, wakidhani wanaipenda. Buti nzito ina vitu vya kuishikilia umbo. Hii nyepesi inashikiliwa na ngozi peke yake, na ngozi iliyoshiba mafuta inalegea, mguu unaanza kuteleza ndani. Usifikishe mafuta kwenye ukingo wa soli iliyobandikwa.

Nta inakuja ikishapita siku. Nta ya nyuki, tunayoipata safi kutoka Tabora, inayeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, kwa hiyo naiyeyusha kwenye kikopo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, nikichanganya sehemu moja ya nta na mbili za mafuta. Ikipoa inakuwa laini kama samli. Naipaka kiatu kikiwa kimepata joto la jua kidogo, nasugua kwa kidole, nafuta inayobaki. Kama ngozi ni ile yenye manyoya mafupi kwa juu, nta itayalaza na kuifanya nyeusi. Anayeipenda sura ile atumie dawa ya kupuliza. Kujua kama kazi bado ipo, dondosha tone la maji. Likisimama, sawa. Likizama na kuacha doa jeusi, rudia.

Halafu kuna ngama. Njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro inaanzia kimo cha karibu mita 1,800 na kambi ya kwanza iko zaidi ya 2,800, karibu siku nzima ndani ya msitu, na masika mvua inaweza kukuandama kuanzia langoni hadi hemani. Buti nyepesi ya ngozi, hata niliyoitengeneza vizuri, jioni itakuwa na unyevu ndani. Maji mengine yataingilia shingoni pa kiatu, yakishuka na soksi, na hayo hata utando wa Gore hauyazuii. Tena kwenye buti ya utando yakiingia yanakaa, kwa sababu bitana inayashikilia. Hapo buti isiyo na bitana inakulipa: inakauka upesi. Toa maji, jaza magazeti, badilisha magazeti, weka penye upepo. Usiiweke kando ya jiko. Ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, kama yale ya miwati inayolimwa Njombe, ikiwa imelowa huanza kujikunja kati ya nyuzi joto 70 na 85. Iliyosindikwa kwa kromu, dawa ya viwandani, inavumilia zaidi, lakini gundi ya soli haivumilii, na kando ya mkaa huwezi kujua joto limefika ngapi. Soksi kavu ziwe zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki tangu asubuhi.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyenunua zile buti: umenunua viatu vizuri, na bei haikuwa mbaya. Ukija kwangu, au kwa fundi mwingine yeyote, usiombe wotaprufu. Sema mishono ikalafatiwe, ngozi itiwe mafuta, juu ipakwe nta, kisha umwulize fundi zitastahimili mvua ya saa ngapi.