Bachfest ya Leipzig: nenda na nyimbo ukiwa unazo kichwani

Tiketi yangu ya kwanza ya Bachfest, tamasha la muziki wa Johann Sebastian Bach kule Leipzig, Ujerumani, ilikuwa ya kiti kisichoona kitu. Mbele yangu kuna nguzo ya mawe, wapigaji na waimbaji wote wako juu kwenye roshani ya magharibi kule kwenye kinanda kikubwa, mimi niko chini nasikia tu. Nilichukua kiti kile manake ndio kilikuwa cha bei nafuu, ila tangu siku hiyo nikienda Leipzig nazitafuta tiketi hizohizo kwa makusudi, na nawaambia na wenzangu wazitafute, kwa sababu ndani ya Thomaskirche, yaani kanisa la Mtakatifu Thomas, sauti inashuka kutoka juu inakujaza kifua hata usipomwona mtu. Enzi za Bach mwenyewe hakukuwa na jukwaa mbele, kwaya ilikuwa juu roshani, waumini chini, ibada inaendelea.

Mimi ni mwalimu wa kwaya ya Kilutheri Moshi, napiga kinanda pia, na kila mwaka ikikaribia Juni napata meseji za wanakwaya wanaouliza hiyo Bachfest ni nini hasa na kama mtu wa kawaida anaweza kwenda akaelewa. Jibu langu huwa ni moja: wewe uliyekulia kwenye kwaya ya KKKT unaweza kuelewa kuliko watalii wengi watakaokuwa wamekaa pembeni yako. Ngoja nieleze kwa nini.

Bach alifika Leipzig 1723 akawa Kantor wa shule ya Mtakatifu Thomas mpaka alipofariki tarehe 28 Julai 1750. Kantor tusimchukulie kama maestro wa kuvaa koti jeusi na kupigiwa makofi, yaani huyu ni mwalimu wa kwaya aliyeajiriwa na halmashauri ya mji, anafundisha watoto, anaandaa muziki wa makanisa makubwa, na kila Jumapili inamsubiri. Kwa hiyo miaka yake ya mwanzo pale alikuwa anatunga kantata moja karibu kila wiki, yaani muziki wa ibada wenye vipande kadhaa vya waimbaji na vyombo, anaandika, wanafunzi na watu wa nyumbani kwake wananakili karatasi za kila sauti na kila chombo kwa mkono, mazoezi kidogo, Jumapili asubuhi inaimbwa, Jumatatu anaanza nyingine. Kantata za kanisani zilizobaki mpaka leo ni kama 200 hivi. Kuna ripoti aliyowaandikia mabosi wake wa halmashauri Agosti 1730 akilalamika hali ya kwaya, akawahesabu vijana wake: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, 17 hawafai kabisa. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu, manake hiyo hesabu kila mwalimu wa kwaya ameshawahi kuifanya moyoni Alhamisi jioni baada ya mazoezi, na huyu ndiye mtu ambaye kwa kwaya hiyohiyo tayari alikuwa ameshatoa Mateso ya Yohana na Mateso ya Mathayo, zile kazi zake kubwa za kuimba habari ya mateso ya Yesu.

Sasa nije kwenye korali, hapa ndio penyewe. Korali ni wimbo wa kitabuni, tenzi ile unayoimba na kusanyiko zima bila kufikiria. Bach alichukua nyimbo ambazo kila mama sokoni Leipzig alikuwa anazijua akazijenga ndani ya kantata kama mtu anavyojenga nyumba juu ya msingi wa zamani, na mwaka wa 1724 kuanzia Juni alifanya karibu mwaka mzima hivyo, kila wiki wimbo mmoja wa kitabuni unakuwa kantata nzima. Msikilizaji wa siku ile alikuwa anasikia mambo mengi mapya yanapita lakini ule wimbo wake aliufuata kama uzi. Mgeni asiyejua wimbo anasikia uzuri tu, uzi haoni.

Chukua kantata namba 140, Wachet auf (Amkeni), ya mwaka 1731, ile ya wanawali kumi na Bwana arusi anakuja usiku. Wimbo wenyewe ni wa Philipp Nicolai, ulichapishwa 1599. Kipande cha kwanza soprano wanaimba wimbo kwa nota ndefu ndefu taratibu, baragumu inawafuata, huku chini sauti za alto, tena na besi wanakimbizana kwa maneno yaleyale. Alafu katikati kuna kile kipande maarufu, vayolini na viola zote zinapiga mstari mmoja tu, mwepesi, unatembea kama maandamano ya arusi, unajitosheleza kabisa wala hauhitaji kitu, na ghafla waimbaji wa sauti ya tena wanaingia juu yake na korali, tuni nyingine kabisa, na vinakaa pamoja bila kugombana. Jaribu nyumbani: mmoja aimbe mstari wa vayolini, mwingine aimbe wimbo. Nimewafanyisha wanakwaya wangu zoezi hili kwa solfa na ilichukua wiki tatu ila siku ilipokaa, besi mmoja wa miaka sitini alinishika mkono akasema mwalimu turudie. Mwishoni kabisa wote wanaimba ubeti wa mwisho kwa sauti nne za kawaida, wimbo mtupu, kama wewe unavyouimba Jumapili.

Kwetu Kilimanjaro kuna jambo lingine tena. Wamisionari waliokuja mlimani 1893 walitumwa na Misioni ya Leipzig, mji huohuo, na walikuja na korali zao. Ule wimbo wa kichwa kilichojaa damu na majeraha ambao bibi yangu alikuwa anauimba Ijumaa Kuu akiwa ameinama, ndio tuni inayorudi mara tano ndani ya Mateso ya Mathayo, inaporudi imebadilishwa ufunguo au harmonia, na ile inayokuja mara tu Yesu anapokata roho ndiyo nzito kuliko zote. Mara ya kwanza kuisikia Leipzig sikuhitaji kijitabu cha maneno, nilikuwa na maneno ya bibi.

Basi kuhusu kwenda kwenyewe. Bachfest inafanyika kila Juni, kama siku kumi hivi, na tangu 1999 ni ya kila mwaka chini ya Bach-Archiv, taasisi ya Leipzig inayotunza na kuchunguza kazi za Bach. Matamasha yanakuwa mengi kwa siku moja na huwezi kuyamaliza, usijaribu hata, utachoka siku ya tatu usisikie tena kitu. Mimi nachukua mawili kwa siku mwisho. Makanisa mawili makubwa, Thomaskirche na Nikolaikirche, yako umbali wa kutembea dakika chache tu. Nikolaikirche ndipo Mateso ya Yohana yalipoimbwa mara ya kwanza, Ijumaa Kuu ya 1724, na ndipo sala za amani za Jumatatu zilipofanyika mpaka watu wakatoka barabarani 1989 kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki, kwa hiyo ukikaa humo kaa kwa heshima. Uwanjani Markt kuna jukwaa la wazi watu wanasikiliza bure wakiwa na watoto wao, jua la Juni kule linazama karibu saa tatu na nusu usiku kwa hiyo jioni ni ndefu. Ibada za Jumapili zenye kantata nazo ni za kuingia tu, na mimi kiukweli naona kantata ndani ya ibada, ikiwa na somo na mahubiri yake, inaeleweka kuliko ikiwa kwenye tamasha.

Usikose makumbusho ya Bach mkabala na Thomaskirche, kuna chumba cha hazina. Mjane wa Bach, Anna Magdalena, 1750 alikabidhi kwa mji karatasi za kuimbia za zile kantata za korali, na zinahifadhiwa pale Leipzig hadi leo. Wanazitoa chache chache manake karatasi inaharibika na mwanga. Niliona ukurasa mmoja wa sauti, wino umekula karatasi mpaka umetokea upande wa pili, na mwandiko unaonekana wazi ulikuwa wa haraka. Mtu aliyewahi kunakili nota usiku kwa ajili ya Jumapili ataujua huo mwandiko.

Viza anza mapema mno, mwaka mmoja mimi miadi ilitolewa kwa kuchelewa nikapoteza matamasha matatu ya mwanzo. Beba sweta, kanisa lile la mawe lina baridi hata nje kukiwa na joto, na benchi ni ngumu.

Na ukiweza bajeti yako yote iweke kwenye siku ya mwisho, kwa desturi tamasha linafungwa na Misa ya B mdogo ndani ya Thomaskirche, inachukua muda wa karibu saa mbili. Bach aliikamilisha miaka yake ya mwisho na hakuna ushahidi kwamba iliwahi kuimbwa yote akiwa hai, sasa inaimbwa yeye mwenyewe akiwa amelazwa hapohapo mbele ya altare chini ya bamba la shaba lenye jina lake, watu wameweka maua. Dona nobis pacem (utupe amani), kipande cha mwisho, inaanza chini kabisa, besi peke yao, alafu sauti ya tena, alafu alto, alafu soprano, kila mmoja anapanda juu ya mwenzake, ni muziki uleule ambao mapema kidogo uliimbwa kwa maneno ya shukrani, tarumbeta zinaingia moja baada ya nyingine na ngoma chini yake. Mwaka ule wa nguzo, iliponyamaza hakuna aliyepiga makofi kwa muda, tukasikia tu njiwa nje ya dirisha.